Nyundo ya upepo haichaguliwi kwa kelele

Ukipita katika vichochoro vya mafundi wa magari hapa Mombasa baada ya sala ya Alasiri, utasikia sauti nyingi kwa pamoja: grainda inayolia, injini inayojaribiwa, vijana wanaoitana. Lakini iko sauti moja inayozipita zote, nayo ni ya nyundo ya upepo inapokata ribiti kwenye chesi ya gari. Mlio huo huingia masikioni bila ya hodi, na mgeni anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani bunduki imefyatuka.

Mimi nimelelewa na sauti hiyo. Baba yangu alipofariki nilichukuliwa na ami yangu, nikakulia katika gereji yake ya mabati, na hadi leo riziki yangu yatoka humo humo. Ami sasa ni mzee. Hukaa juu ya kiti chake cha mbao mlangoni, akitazama mikono yetu, na wakati wa sala ukiingia mimi humwendea nikamgusa bega. Sababu ya kumgusa bega nitaieleza mbele.

Leo nataka kuzungumza juu ya nyundo hiyo: namna ya kuichagua, na yanayompata anayeichagua ovyo. Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya mafundi peke yao. Sivyo. Kila anayepanda basi, kila mwenye lori la mchanga au pikapu ya samaki, roho yake imeshikwa na ribiti ambazo hajapata kuziona kwa macho.

Ribiti, ambayo wengine huita riveti, ni kipande cha chuma mfano wa msumari mnene, chenye kichwa upande mmoja. Hupitishwa katika tundu la vyuma viwili, kisha upande wa pili hugongwa au kukandamizwa mpaka nao ukafanya kichwa. Vyuma vile viwili hubanwa kama viganja vya mtu anayeomba dua. Magari ya mizigo hutiwa ribiti katika chesi kwa sababu chesi hujipindapinda kidogo gari linapopita mashimoni. Ribiti huvumilia kujipinda huko na haifunguki kwa mtetemo kama nati iliyofungwa vibaya, na mahali ambapo pamechomelewa papo hapo huweza kupasuka. Basi waundaji wa magari hawakuziweka ribiti ili fundi apate taabu. Waliziweka zikae. Taabu huja siku ya kuzitoa.

Siku yangu ya taabu ilianza asubuhi moja ya Kusi. Bwana mmoja alituletea pikapu yake iliyokuwa ikibeba samaki kutoka pwani ya kusini. Kwa miaka mingi maji ya chumvi na barafu yalikuwa yakichuruzika juu ya chesi. Nilipolala chini ya gari na taa yangu, niliona kile kipande cha chuma kinachoishika springi ya nyuma kwenye chesi kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa chembamba kama ganda la mkate wa mofa. Chesi yenyewe ilikuwa nzima. Kipande kile kilishikwa kwa ribiti nne, nazo, kama ilivyo desturi ya dunia, zilikuwa nzima kuliko chuma zilichokishika.

Yule bwana alikuwa na haraka. "Fundi, nichomelee kibati juu yake, kesho alfajiri gari yataka kuwa ufuoni."

Nilimtazama Ami. Ami akatikisa kichwa. "Bwana, gari yako yabeba samaki, na juu ya samaki wakaa vijana wa watu. Kuchomelea kutu juu ya kutu si kazi. Mali ya mtu ni amana, na roho ya mtu ni amana kubwa zaidi. Tutoe ribiti, tufunge kipande kipya."

Mimi sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa siku mbili nyuma nilikuwa nimenunua nyundo ya upepo mpya. Niliinunua kwa macho na kwa masikio. Dukani muuzaji aliiunga kwenye kompresa, akabonyeza triga, na chombo kikanguruma hata watu wakageuka. Boksi lake lilisema yapiga mara 4,500 kwa dakika. Nyundo nyingine iliyokuwa kando yake, ndefu na nzito, ilipiga mara 2,000 hivi tu, na bei yake ilikuwa karibu maradufu. Nikajisemea, mwenye akili atanunua mapigo machache kwa fedha nyingi?

Basi nikaingia chini ya gari. Nikaweka tindo penye kichwa cha ribiti ya kwanza, nikabonyeza. Kelele ilijaa gereji nzima. Nikagonga, nikapumzika, nikagonga tena. Mpaka Adhuhuri kichwa cha ribiti kilikuwa kimepata mikwaruzo na kung'aa kama shilingi, lakini hakikukatika. Tindo ilikuwa imekufa makali, mikono yangu ikitetemeka hata sikuweza kushika kikombe cha chai bila ya kumwaga.

Ami akaja, akaichukua nyundo mkononi, akaitazama mtutu wake. "Mwanangu," akasema, "umenunua kelele."

Maneno hayo yaliniuma, lakini yalikuwa ya kweli. Tazama namna chombo hiki kinavyofanya kazi. Ndani ya mtutu mna pistoni ndogo ya chuma. Upepo kutoka kwenye kompresa huisukuma mbele, nayo ikaenda ikagonga tako la tindo, kisha upepo huirudisha nyuma ili igonge tena. Mtutu ukiwa mfupi, pistoni husafiri masafa madogo, basi hugonga mara nyingi lakini kila pigo huwa jepesi. Mtutu ukiwa mrefu, pistoni hupata nafasi ya kushika kasi, hugonga mara chache na kila pigo huwa zito. Mfano wake ni mtoto anayegonga mlango kwa vidole mara mia, na mtu mzima anayeupiga bega mara moja. Mlango wataka nini? Ikiwa unataka kuamsha watu, vidole vyatosha. Ikiwa unataka kuuvunja, ni bega.

Nyundo fupi si chombo kibaya. Ina kazi zake: kukata bati la bodi, kutoa ekzosi iliyoshikwa na kutu, kubandua mabaki ya gundi na kuchomelea. Nyundo ya kati, yenye kupiga mara 3,000 hivi kwa dakika, hufaa gereji inayofanya kazi mchanganyiko. Lakini kwa ribiti za chesi yataka mtutu mrefu, na pistoni yenye upana wa inchi 3/4, yaani milimita 19, au zaidi. Kisha utazame tundu la kutilia tindo. Nyundo nyingi za gereji huchukua tindo yenye shina la inchi 0.401, karibu milimita 10. Zile kubwa za malori huchukua inchi 0.498, karibu milimita 12 na nusu. Shina nene hupeleka pigo bila ya kupinda wala kuvunjika. Anayefanya kazi za pikapu atatosheka na ile ya kwanza, ila mwenye gereji ya malori asijidanganye.

Jambo la pili ni upepo wenyewe. Nyundo hizi hutaka presha ya ratili 90 kwa kila inchi mraba, na hutaka presha hiyo wakati zinapofanya kazi, si wakati zimenyamaza. Kompresa ndogo ya kujazia magurudumu itaonyesha 90 ukiitazama, na ukibonyeza triga kwa muda mfupi sindano itashuka na nyundo itakuwa kama mgonjwa. Vilevile mpira mwembamba huunyonga upepo njiani. Tundu la ndani la mpira lisipungue inchi 3/8. Nimeona mtu akiitukana nyundo nzuri, kumbe makosa ni ya mpira.

Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni maji. Hewa yetu ni nzito kwa unyevu. Kompresa inapoikandamiza, ule unyevu hugeuka maji ndani ya tangi, na maji hayo hupita mpirani yakaingia katika nyundo, pistoni ikashika kutu. Kila jioni fungua kifunguo kilicho chini ya tangi, maji yatoke. Na kila asubuhi kabla ya kuunga mpira, tia matone machache ya mafuta mepesi ya vyombo vya upepo mahali upepo unapoingilia. Nyundo ya bei ndogo iliyotunzwa hivi huishi kuliko ya bei kubwa iliyoachwa ikauke.

Turudi kwenye pikapu. Niliposhindwa, nilisema niikate ribiti kwa gesi. Ami akanionyesha kwa kidole: bomba la mafuta lilipita karibu kabisa na kipande kile, na mpira wa breki haukuwa mbali. Hata kama visingekuwako, moto mkali hubadilisha tabia ya chuma. Chesi za malori mengi makubwa zimetiwa joto kiwandani kwa kipimo ili ziwe ngumu, na fundi anayezichoma kwa gesi huulegeza ugumu huo mahali pamoja. Mwenye gari hataona kitu. Ufa utaonekana baadaye, siku gari limejaa.

Grainda nayo hukata kichwa cha ribiti vizuri penye nafasi, lakini pale jiwe lake lisingefika bila ya kuikwaruza chesi. Basi nilikwenda kwa jirani, fundi wa malori, nikamwazima nyundo yake ndefu. Ami akanipangia kazi. Kwanza nikatia alama katikati ya kichwa cha ribiti kwa panchi. Kisha nikatoboa kwa keekee ya umeme, kwanza tundu jembamba, halafu pana zaidi, lakini jembamba kuliko shina la ribiti lisije likala tundu la chesi. Tundu hilo huiondolea ribiti nguvu yake. Ndipo nikaweka tindo bapa iliyonolewa upande mmoja, ule upande ulionyooka ukilalia chuma, nikaegemea kwa uzito wa mwili na kubonyeza triga pole pole.

Nyundo ile haikunguruma. Iligonga: du, du, du, kama mtu anayejua anachokitaka. Kichwa kikaruka. Nikabadilisha, nikaweka panchi ya upepo, na shina likasukumwa likatokea upande wa pili. Ribiti zote nne zilitoka kabla ya Alasiri.

Tulipofunga kipande kipya hatukutia bolti za kuokota. Bolti za kazi hii huwa na alama kichwani, 8.8 au 10.9, zinazoonyesha nguvu zake, na shina lake lazima lijae tundu barabara pasiwe na mchezo. Tundu tulilisafisha, tukalipaka rangi dhidi ya kutu, tukafunga kwa nati za kujishika. Yule bwana alifika ufuoni alfajiri kama alivyotaka. Lakini neno lililobaki kichwani mwangu si la pikapu.

Wakati narudisha nyundo kwa jirani, adhana ya Alasiri iliadhiniwa. Msikiti wenyewe uko ng'ambo ya njia, na kipaza sauti chake chaelekea kwetu. Ami alikuwa ameketi pale pale akiendelea kupanga spana. Nilimgusa bega. Aliinua uso akaniuliza, "Tayari?"

Miaka yote nilikuwa nikimgusa bega bila ya kufikiri. Siku ile nilifikiri. Ami hakuzaliwa na uziwi. Alifanya kazi ya kukata ribiti tangu ujana wake, katika chumba cha mabati, bila ya kuziba masikio hata kwa pamba. Ilimwondoka kidogo kidogo. Kwanza hakusikia ndege, kisha sauti za watoto, kisha simu, na mwisho ikamwondoka adhana iliyo hatua hamsini kutoka alipo. Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimelala chini ya gari saa tatu na ile nyundo ya kelele, nami nikatoka masikio yangu yakivuma kama kombe la baharini.

Sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Wataalamu wengi huonya kuwa ikifika desibeli 85 kwa saa nane za kazi, masikio yako hatarini. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zimeweka mpaka wa 90 kwa saa hizo nane. Nyundo ya upepo juu ya chesi aghalabu hupita 100. Na kipimo hiki hakipandi kama bei ya unga: kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa kustahimili hupungua nusu. Kwa hesabu ya hao wataalamu, penye desibeli 100 sikio lina robo saa tu kwa siku nzima. Mimi nililipa saa tatu, na ribiti haikutoka hata moja.

Mikono nayo ina haki yake. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Bi. Alice Hamilton, alikwenda mji wa Bedford katika jimbo la Indiana kuwachunguza wakata mawe waliotumia nyundo za upepo. Aliwakuta vidole vyao vikigeuka vyeupe na kufa ganzi asubuhi za baridi, hasa vya mkono wa kushoto ulioshika tindo. Huku kwetu joto hutuficha ule weupe, lakini ganzi haifichiki. Fundi anayeangusha nati ndogo bila ya kujua kuwa imeanguka asicheke, ajitazame vidole.

Kwa hivyo nyundo inayofaa huokoa zaidi ya wakati. Ribiti inayotoka kwa dakika chache ni dakika chache za kelele na mtetemo. Isiyotoka hukulipisha masikio na mikono, kisha hukutia tamaa ya kuchomelea juu ya kutu.

Yafurahisha kujua kwamba nyundo hii na gari ni jamaa wa zamani. Mwaka 1894 Mmarekani mmoja, Charles Brady King, alipewa hati ya serikali yao ya kumtambua kwa nyundo ya upepo aliyoibuni. Mtu huyo huyo, tarehe 6 Machi 1896, aliendesha gari la kwanza la petroli kuonekana katika njia za Detroit, mji ambao baadaye ulijulikana dunia nzima kwa kuunda magari. Mwaka huo huo hapa Mombasa reli ya kwenda Uganda ilikuwa ikianza kutandikwa.

Kabla sijamaliza, nisije nikamfanya mtu aamini kuwa kubwa ndiyo bora kila mahali. Chukua Land Rover za zamani. Gari hilo lilitolewa mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu na kuungwa kwa ribiti ndogo nyingi. Ukiipelekea nyundo ndefu ya chesi, utaipasua kama karatasi. Ribiti zake ndogo hutolewa kwa keekee na mkono mtulivu. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma katika hewa yetu ya chumvi, aluminiamu huliwa ikatoa unga mweupe, basi ukirudisha ribiti mpya usitie ya chuma.

Kwa mnunuzi, nafupisha hivi. Uliza urefu wa mtutu kabla ya idadi ya mapigo. Tazama triga: ikiwa yakubali kubonyezwa pole pole na nyundo ikaanza taratibu, ni nzuri, ikiwa huruka mara moja, tindo itateleza. Tazama springi inayoishika tindo pale mbele, iwe imara, na usibonyeze triga kamwe ila tindo imelalia kazi, kwani ikichomoka ni mshale. Nunua tindo za chuma kizuri, na unapozinoa zichovye majini mara kwa mara. Zikigeuka buluu zimekwisha. Na katika ile fedha uliyoiweka, toa kwanza ya miwani na ya viziba masikio, ndipo kinachobaki ukanunulie nyundo.

Mimi niliuza ile nyundo yangu fupi kwa fundi wa bodi, nikamweleza bayana haifai ribiti za chesi, naye amefurahi nayo kwa bati. Nikaongeza fedha, nikanunua ndefu. Vijana wawili ninaowafundisha sasa hawaingii chini ya gari bila ya kuziba masikio. Mwanzo walicheka, wakasema wanafanana na marubani. Sikuwajibu. Niliwaambia tu wangoje adhana ya Magharibi, wamtazame Ami, kisha mmoja wao aende akamguse bega.

Tangu siku hiyo hawajacheka tena.